Ushuhuda wa Kalunde

Kalunde, muuza ndengu wa soko la Tulia, alikaa miaka saba na mabaka mekundu kiunoni na mapajani, na miaka hiyo yote kila mwenye mdomo alikuwa daktari wake. Mutie wa duka la dawa, fundi wa kujua kila kitu, alisema ni choa, akamuuzia tyubu baada ya tyubu. Akipaka, mabaka yanafifia. Akiacha, hayo yamerudi. Mutie naye anajipiga kifua: "Si nilikuambia dawa inafanya kazi?" Kazi gani, jamani!

Mwishowe Kalunde alikwenda Kitui kwa daktari wa ngozi, Nduta. Huyo hakuyapenda kabisa mabaka yanayojificha mahali jua halifiki. Akampa siku ya kukatwa kipande cha ngozi kikapimwe. Na Kalunde akafanya nini? Wiki mbili nzima akapaka tyubu asubuhi na jioni, eti mtu haendi kuvuliwa nguo mbele ya mgeni na ngozi chafu! Kwao uwanja hufagiwa kabla mgeni hajafika, basi naye akaifagia ngozi. Kipimo hakikuona kitu.

Pasta Musembi, asiyeacha muujiza upite bila kuudandia, akamsimamisha kanisani atoe ushuhuda wa kuponywa. Makofi yakapigwa mpaka viganja vikawaka. Miezi minne baadaye mabaka yakarudi, mengine yameanza kunenepa.

"Mama, ulikuwa ukipaka nini?" daktari akauliza.

Kalunde alitamani ardhi immeze. Akaambiwa dawa hiyo ndiyo iliyouficha ugonjwa usionekane kwenye kipimo, basi akae mwezi mzima bila kupaka chochote, kisha apimwe upya. Alijikuna akilia, huku akina mama wa kanisa wakinong'ona kwamba amekosa imani. Kuitwa mwongo aliogopa, ndiyo, lakini kufa aliogopa zaidi.

Safari hii kipimo kilisema saratani ya nadra, ya zile chembe za damu zinazolinda mwili, imekaa kwenye ngozi.

"Kuing'oa kabisa ni vigumu," Nduta alimwambia. "Lakini bado iko mwanzo. Wengi wa hatua hii huishi nayo miaka mingi. Ungengoja ifanye mavimbe, ningekuambia mengine."

Pasta alimsihi anyamaze, asiwavunje waumini moyo. Thubutu! Jumapili Kalunde alisimama bila kuitwa.

"Nilipokuwa na saratani msiyoijua mlinipigia makofi," alisema. "Leo imejulikana, nimeanza matibabu, na daktari ananihesabia miaka mingi ya kuishi. Mbona mmenyamaza?"

Kwenye benchi la mbele, Mutie alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu.