Suuza Mara Saba

Buakham aliingia hospitalini akiwa na miaka kumi na tisa, kuosha chupa. Hata alipopandishwa cheo na kuwa fundi wa maabara hakukubali mtu mwingine amwoshee vyombo. Kila mrija wa kioo aliusugua kwa sabuni ya unga, akausuuza mara saba kwa maji ya bomba na mara moja kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Alihesabu kwa sauti. Manesi waliopita dirishani walimchokoza.

"Shangazi Bua, unasuuza au unasali?"

"Ninasuuza. Wa kusali ni wewe, maana vyombo vyako nimeviona."

Hakuolewa. Alimuuguza mama yake miaka minane, akamzika, akabaki na nyumba ya mbao ng'ambo ya mto na kuku sita. Saa moja kasoro robo kila asubuhi aliweka ua moja kwenye kibanda cha mizimu uani mwa hospitali, akafungua mlango wa maabara, akavaa koti lake. Wengi hudhani uadilifu ni jambo la mahakimu na watawa. Buakham aliuonyesha kwenye karo la kuoshea vyombo miaka thelathini na tatu, na hakuna aliyemsifu kwa hilo.

Kazi aliyoithamini kuliko zote ilikuwa ya povu. Hospitali ile ya mkoa, huko kaskazini mwa Thailand, haikuwa na mashine ya kumpumulia mtoto mchanga. Mtoto aliyezaliwa kabla mapafu hayajakomaa alikoroma siku moja au mbili, kisha akanyamaza. Kwa hiyo, kabla ya kumtoa mtoto mapema, daktari alichoma sindano ndefu tumboni mwa mama na kuvuta maji kidogo ya uzazi, yale yanayomzunguka mtoto. Mapafu yaliyokomaa hutoa mafuta fulani yanayoingia katika maji hayo na kulifanya povu lake lidumu. Buakham aliyagawa maji katika mirija mitano, kila mmoja akiuzimua kwa maji matupu zaidi kuliko uliotangulia, akatia spiriti kali, akatikisa, akaacha robo saa. Povu likibaki duara kamili juu ya maji, mtoto ataweza kupumua. Likipasuka na kutoweka, angoje.

Mwaka mmoja wa ukame watu walimwagiana maji barabarani, kama ilivyo desturi ya huko, siku tatu za sikukuu ya mwaka mpya, na siku ya nne mabomba ya mji yakakauka. Jumatatu bomba la maabara lilidondosha tone moja moja. Buakham alikuwa na mirija hamsini ya kuosha. Alisuuza mara mbili, akaitazama kwenye mwanga, akaiona inang'aa, akaipanga.

Jumanne yakaletwa maji ya Ramphai.

Ramphai alikuwa na mimba ya wiki thelathini na tano. Miguu ilikuwa imevimba na presha imepanda kidogo. Mama mkwe wake, Bi Sangwian, mwenye kinu cha mpunga, alikuwa amekwisha kwenda kwa mnajimu na kurudi na saa njema: Alhamisi, saa tatu na dakika tisa asubuhi. Daktari Thawat hakupenda kupangiwa na nyota, ila hakumfukuza.

"Presha ya mama inanipa sababu ya kumtoa mtoto," alimwambia, "lakini si kubwa kiasi cha kumtoa asiyeweza kupumua. Maji yakisema ndiyo, Alhamisi. Yakisema hapana, tunangoja."

Maji yakasema ndiyo. Mirija yote mitano ilikuwa na duara la povu, jeupe, zito. Buakham akaandika, akatia sahihi, akaipeleka karatasi wodini. Bi Sangwian akamtuma mtu sokoni kununua mashada ya asumini.

Mchana Buakham alikaa kula. Alifinyanga tonge la wali wa kunata, akalichovya kwenye pilipili ya kuchoma, halafu mkono ukasimama katikati ya njia. Mirija yote mitano? Hata mtoto wa miezi tisa kamili, povu la mrija wa tano hulegea. Huyu wa wiki thelathini na tano analitoa wapi?

Akalirudisha tonge kikapuni. Alichukua mrija mwingine kutoka kwenye safu ileile, akatia maji matupu na spiriti, akatikisa, akangoja robo saa akiitazama saa ya ukutani. Duara likakaa pale pale, zuri, kamili, na ndani yake hapakuwa na mtoto yeyote. Ilikuwa sabuni.

Huenda mapafu ya mtoto yamekomaa kweli, alijiambia. Huenda daktari atamsikiliza tena mama kesho na kuahirisha mwenyewe. Huenda hakuna atakayejua. Mawazo haya humjia kila mtu mwenye jina la kulinda, na jina la Buakham lilikuwa limejengwa juu ya mirija safi. Mbele yake alikuwa na njia ya kulinda jina kwa pumzi za mtoto wa mtu. Alikaa nayo kwa dakika chache. Dakika hizo hakuzisahau, na hakupaswa kuzisahau. Kisha akainuka.

Daktari Thawat alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Ramphai. Bi Sangwian alikuwa upande wa pili, akipepea.

"Daktari, naomba ile karatasi yangu."

"Ya nini, Shangazi? Nimekwisha kupanga chumba cha upasuaji."

"Si kweli ilichosema. Mirija ilikuwa na sabuni. Povu ni la sabuni."

"Nani kaiosha?"

"Mimi."

"Wewe?" Nesi mmoja alicheka kwa mshangao, akajiziba mdomo. "Wewe wa mara saba?"

"Jumatatu nilisuuza mara mbili. Maji hayakuwepo. Nilitakiwa kufunga kazi, sikufunga."

Bi Sangwian alikunja upepeo wake. "Sikilizeni! Mjukuu wangu apoteze saa yake kwa sababu mwosha vyombo kaona uvivu! Unajua saa kama ile inarudi lini?"

"Sijui, Bi Mkubwa. Mimi nyota sizijui. Nimejua tu kwamba sijui kama mjukuu wako anaweza kupumua, na nilikuwa nimeandika najua."

Ramphai alishika tumbo kwa mikono miwili. "Maji yangu yamebaki, Shangazi?"

"Kidogo. Yako kwenye friji."

"Basi pima tena."

Buakham alichukua ndoo mbili akaenda kwenye kisima cha hekalu nyuma ya hospitali. Alirudi akiwa ameloa hadi magotini. Alisuuza mara saba, akihesabu, na safari hii hapakuwa na aliyemtania. Mwanzoni mwa safu aliweka mrija wa sita wenye maji matupu, uwe shahidi. Robo saa ilipokwisha mrija wa shahidi haukuwa na povu. Wa kwanza wa Ramphai ulikuwa na povu lililokatika upande mmoja. Mingine minne haikuwa na kitu.

Daktari aliitazama mirija, akamtazama yeye. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Alhamisi imefutwa," alisema. "Na kosa hili litaandikwa."

"Liandike, Daktari. Uandike na mrija wa shahidi. Uwekwe kila siku, hata nikiosha mimi."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Ramphai alilala ubavu wa kushoto, presha ikipimwa asubuhi na jioni, kwa maana kama ingepanda ghafla wasingengoja povu la mtu. Buakham alipita kila asubuhi kabla ya kufungua maabara, akauliza namba, akaenda zake. Bi Sangwian aligeuza uso ukutani kila alipomwona.

Jumamosi ya pili presha ilianza kukwea. Sindano ikaingia tena. Mrija wa shahidi ulikaa bila povu, minne ya Ramphai ikashika duara kamili, wa tano ukalegea kama unavyotakiwa kulegea. Buakham aliandika, akatia sahihi, akaipeleka karatasi wodini.

Mtoto alitolewa saa nane na dakika arobaini na moja mchana, jua likichoma mabati, saa ambayo hakuna mnajimu angeichagua. Buakham alisimama ukumbini nje ya chumba cha upasuaji. Kwanza kulikuwa kimya. Kisha kilio kikatoka, kikali, kisichokatika, cha mtu aliyeudhiwa.

Bi Sangwian aliitazama saa ya ukumbini akasonya. "Saa gani hii ya kuzaliwa mtu!"

"Analia lakini, Bi Mkubwa."

"Analia," bibi alikubali. Alisikiliza zaidi, akafuta macho kwa upindo wa sketi yake, kisha akamgeukia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Njoo umwone, basi. Ila ukanawe kwanza. Na usuuze."

Buakham alikwenda kwenye bomba la ukumbini. Maji yalikuwa yamerudi. Alisuuza mikono akihesabu kwa sauti, bila kuharakisha, hadi saba.