Barua Moja, Wasomi Wawili

Katika saiba moja mjini Nyeri, kile kiduka cha kompyuta na kuchapisha barua, msichana alimpa mwalimu mkuu wake barua ya kumpendekeza kwa ufadhili wa chuo kikuu ng'ambo. Alijiandikia mwenyewe, kwa maana mwalimu alimwambia, "Andika wewe, mimi nitaweka sahihi." Ndiyo desturi yetu.

Mwalimu alisoma jinsi msichana anavyokamua ng'ombe wawili kila alfajiri kabla ya shule. Akatoa muhuri mfukoni, akapiga, kisha akamwambia mhudumu wa saiba, "Toa ingine, ubadilishe jina. Kijana yangu pia anaomba hiyo skolashipu."

"Lakini Mwalimu, hao ng'ombe ni wetu," msichana akanong'ona.

"Kwani ng'ombe si ni ng'ombe?"

Ng'ambo watavutiwa sana na bidii ya watoto wetu. Naomba tu wasimuulize kijana wa mwalimu ng'ombe wake wanaitwaje.