Pengo la Chini

Nilifungwa waya za meno nikiwa na miaka thelathini na minane, umri ambao wenzangu wa mjini Karatu wanajenga nyumba ya pili. Kazi yangu ni kuongoza watalii kwenye kreta, lile bonde la volkeno lenye wanyama, na mtu anayepigwa picha na wageni kila siku hujifunza kucheka amefumba mdomo. Katikati ya meno yangu ya chini palikuwa na pengo la meno mawili. Mama aliyang'oa mwenyewe kwa kisu nilipokuwa mdogo, kama yeye alivyong'olewa, ili siku taya likikakamaa kwa pepopunda, mtoto anyweshwe maziwa hapo. Kijijini kila mtu wa rika langu alikuwa nalo. Karatu nilikuwa nalo peke yangu, au ndivyo nilivyojiona.

Taya nalo lilikuwa na mambo yake. Kwa miaka miwili kiungo cha mbele ya sikio la kushoto kililia kila nilipopiga mwayo, na asubuhi niliamka nimechoka mdomo kama niliyetafuna bisi usiku kucha. Daktari wa kupanga meno, mama mmoja wa Arusha asiyependa maneno mengi, alinieleza kwamba ndani ya kiungo kuna kisahani cha gegedu na changu kinateleza. Nikitaka waya kwa ajili ya pengo, atazifunga. Kwa ajili ya taya hakuahidi kitu. Kwa hilo alinishauri vyakula laini, kitambaa cha moto, mazoezi, na kifaa cha plastiki cha kuvaa nikilala.

Nilitaka pengo lizibwe. Nilikuwa nalionea aibu, basi. Lakini mama, anayeishi kijijini kwetu Oloipiri, nilimwambia kwa simu kwamba daktari ameamuru, kwamba pengo ndilo linaloumiza taya. Akasema kama ni dawa, sawa.

Baada ya wiki chache dada yangu alinieleza kwamba mama anawauliza wanawake wenzake kama mikono yake ndiyo iliyoniharibu. Nilipaswa kupiga simu siku ileile. Sikupiga. Nilijiambia nitamweleza ana kwa ana, na nikakaa mwaka mzima bila kwenda.

Nilipokwenda, pengo lilikuwa limebaki upana wa njiti ya kiberiti. Nilichinjiwa mbuzi, na mwanamume wa kwetu hawezi kurudisha mbavu akisema daktari amemwandikia uji. Nilitafuna. Mshipa mmoja ulikuwa mgumu, nikaukazania, kiungo kikalia mara moja kisha kikanyamaza. Nilipojaribu kufungua mdomo, ulifunguka kiasi cha kidole kimoja ukagoma. Maumivu yalinitoa machozi mbele ya wazee, jambo ambalo nalo si la kwetu.

Mama aliinuka akanishika mkono. Alinipeleka ndani ya nyumba yake, akanikalisha kitandani, akaja na kibuyu cha maziwa na kijiko. Akapitisha kidole kwenye meno yangu ya chini akitafuta mahali pake. Kikakutana na waya. Kikakaa hapo.

"Nisamehe," alisema kwa Kimaasai. "Ningeyaacha meno yako, leo usingeumwa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika mwisho, nami nilikuwa na mdomo usiofunguka.

"Yeyo," nilimwita mama kwa lugha yetu, maneno yakitoka nusu nusu. "Daktari hakusema hivyo. Ni mimi. Nilikuwa naona aibu."

Alitoa kidole, akakifuta kwenye shuka lake. Nilisubiri anigombeze, na ningefurahi angenigombeza. Alimimina maziwa kwenye kijiko, akanielekeza nifungue kiasi ninachoweza, na maziwa yakapita vizuri tu, pengo au bila pengo. Alininywesha hadi kibuyu kikaisha.

Taya lilifunguka polepole, kwa wiki kadhaa za uji na mazoezi, na bado linalia baridi ikiwa kali. Waya zimetolewa. Meno yamenyooka, na wageni wananipiga picha nikicheka.

Mama akinipigia simu siku hizi haniulizi habari za taya. Huniuliza kama wageni wanayapenda meno yangu. Namjibu kwamba wanayapenda, naye husema vizuri, kisha huhamia habari za ng'ombe.