Aliyechelewa Hana Nyumba

Rafiki yangu Cheche hakuwa mtu mwema. Wanaosema alikuwa mwema hawakumjua, au wamemsamehe kwa sababu sasa ni mzee na macho yamekwisha. Mimi nimemjua tangu ndevu zetu zilipokuwa nyeusi, na nampenda, lakini kupenda si kusema uongo.

Alikuwa fundi wa kuchomelea, ndiyo maana tukamwita Cheche, na ulimi wake ulikuwa kama tupa. Ukimpelekea kitanda kilichovunjika atakuuliza mbele za watu ulikuwa unafanya nini juu yake hata chuma kikate tamaa. Mama mmoja mnene alimletea kiti chenye mguu uliopinda. Cheche akakizungusha, akakitazama, akasema, "Mama, hiki hakikuvunjika. Hiki kimejiua." Watu walicheka wakashika mbavu, na yule mama akacheka nao huku machozi yanamlengalenga. Kisha Cheche akakichomelea kile kiti vizuri sana, asimtoze kitu. Ndivyo alivyokuwa, kama panya, anauma huku anapuliza.

Kazi yangu mimi ni kunoa visu. Jiwe langu nimelifunga kwenye fremu ya baiskeli, ninalisukuma mtaa hadi mtaa nikipiga kengele, na nimekwenda nalo mahali pengi kuliko nitakavyoweza kueleza hapa. Shule niliiacha mapema, lakini barabara sikuiacha. Cheche yeye hakutoka mtaani kwake. Alikuwa akiniita Mzururaji.

"Mzururaji, njoo unywe maji kabla hujaanguka huko. Nani atakayekuzika, visu?"

Utajiuliza watu wa namna hii walipatana kwa lipi. Tulipatana kwa njiwa.

Juu ya paa la nyumba yake, paa la saruji, Cheche alikuwa amejenga kibanda kwa nondo na wavu, na humo alifuga njiwa ambao mtaa mzima uliwajua. Yeye alikuwa na njiwa, mimi nilikuwa na miguu. Asubuhi hunipa kikapu chenye njiwa wanne watano, nakifunga nyuma ya baiskeli, naenda nacho kwenye visu vyangu hadi nifike mwisho wa safari. Hapo nafungua kifuniko. Wanapanda, wanazunguka mara mbili tatu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha wananyooka kuelekea nyumbani. Mimi nabaki chini na kikapu kitupu, nacheka peke yangu, na mwenye kisu chake mkononi anadhani nimeingiwa na wazimu.

Jioni namkuta juu ya paa. Ananieleza nani alitangulia na nani alifuata. Namweleza upepo ulitoka wapi na mwewe nilimwona wapi. Maneno hayo hayakutuishia. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akituletea chai na kusema, "Ninyi mmeoana. Mimi hapa mke mwenza tu." Baadaye jina hilo akampa njiwa mmoja, jike la kijivu, kwa sababu Cheche alikuwa akilipakata kuliko alivyopata kumpakata mtu. Basi likaitwa Mke Mwenza.

Jike hilo lilipokuwa changa liligonga waya wa umeme, mfupa wa kidari ukavunjika, ukaunga upande. Ukilishika unausikia kwa kidole, umepinda kama msumari ulioshindwa kuingia mbaoni. Cheche alizoea kupitisha dole gumba pale huku anaongea, huenda na kurudi, na husema, "Chuma pekee nilichoshindwa kunyoosha."

Lakini nimesema kupenda si kusema uongo. Cheche alikuwa na sheria. Katika kila kikapu nilichofungua, njiwa wa mwisho kufika alichinjwa. "Aliyechelewa hana nyumba," ndivyo alivyosema, na kisu kilikuwa tayari pale juu ya paa. Ndiyo maana njiwa wake walisifiwa, wazembe wote waliishia chunguni.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtoto huyu akiwa na umri kama wa miaka saba alikuwa na njiwa wake mweupe. Alimlea tangu kinda, njiwa aliyemwangua alipokufa. Alikuwa akitafuna mtama, kisha anamlisha mdomo kwa mdomo, sisi tunamcheka. Siku moja Cheche akamtia yule mweupe kikapuni. Huko nilikokwenda ilinyesha mvua ya kupofusha. Niliwafungulia ilipokatika, na yule mweupe akafika wa mwisho, amelowa, anatua kwa kuyumba.

"Baba, ni mvua!" mtoto alilia. "Baba, mvua hiyo!"

"Mvua iliwanyeshea wote," Cheche akasema.

Alimchinja. Na haikuishia hapo. Chakula kilipoiva alimwekea mtoto bakuli mbele yake, akamwambia, "Kula. Na mwanamume hali huku analia." Mama yake aligeuza uso. Mtoto alifuta machozi kwa mkono wa shati, akala mpaka akamaliza. Nilikuwapo. Tangu siku ile hakupanda tena juu ya paa, na Cheche alisema amekua.

Miaka hupita, bwana. Moto wa kuchomelea unakula macho ya asiyevaa miwani ya giza, na Cheche alikuwa akisema miwani ni ya waoga. Ukungu ulianza pembeni ukaja katikati, mwishowe akabaki na mwanga na vivuli. Mkewe akafariki. Mwanawe, ambaye sasa ni karani katika ofisi ya maji, akahamia pale na mkewe na mtoto wao mchanga. Wao wakakaa juu. Baba wakamwekea kitanda chini, katika chumba alichokuwa akihifadhi vyuma chakavu. Chumba hicho kinanuka kutu hata leo.

Sitaki kumsingizia kijana. Sijamsikia hata mara moja akimpandishia baba yake sauti. Shikamoo yake haikosi asubuhi, dawa haikosi, nguo zinafuliwa. Ni mpole kama maji ya mtungi, na ni baridi vilevile.

Siku hiyo nilikuwa nimeketi na Cheche kwenye kile chumba, kijana akaja akasimama mlangoni.

"Baba, mtoto anakohoa. Daktari anasema ni manyoya. Tena pale juu nataka kuweka tangi la maji. Njiwa waondoke."

"Waende wapi?"

"Baba mdogo huyu hapa, awachukue." Baba mdogo ndiye mimi.

Cheche akacheka. "Umekulia ndani ya nyumba ya njiwa na hujui njiwa? Mkubwa hahami. Mpeleke hata kwa mfalme, ukimfungulia anarudi alikozaliwa."

"Najua," kijana akasema. "Ndiyo maana nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Atakayetua hapa baada ya hapo atakuwa amechelewa."

Cheche aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Na aliyechelewa," kijana akaendelea kwa upole uleule, "unajua mwenyewe, baba. Ulitufundisha."

Basi nikawachukua. Ninapoishi ni chumba kimoja na ua mdogo, nikawafungia uani kwa wavu. Wale wachanga walizoea. Wale wakubwa, kila nilipothubutu kuwafungulia, walizunguka mara mbili tatu, wakanyooka. Cheche alikuwa akisikia kule chini. Anasikia mabawa yakitua juu ya paa, kisha kandambili za mkwe wake zikipanda ngazi. Nikienda kumtazama ananiambia, "Leo ni yule mwenye miguu ya manyoya." Au, "Leo ni dume la rangi ya majivu. Mjinga yule, amekuja moja kwa moja." Harufu ya supu ikishuka, anasema hana hamu ya kula, anakula mkate mkavu.

Mkwe wake si mtu mbaya. Aliniita mlangoni siku moja. "Mzee, ninolee hiki. Kinararua badala ya kukata." Nilikichukua nikakinoa. Kisu butu kinamtesa mnyama, mwenye kazi hii anajua. Nilikinoa vizuri kuliko vyote vya siku ile.

Mwisho wa yote akabaki Mke Mwenza. Huyu sikumfungulia kabisa.

"Wale wengine nimewasamehe," Cheche aliniambia. "Huyu mmoja tu, Mzururaji. Huyu akifa salama kwako, mimi sidai kitu tena."

Jike lenyewe lilikuwa limezeeka, lakini lilipata dume kijana pale uani kwangu. ("Aibu!" Cheche akasema, akifurahi.) Likataga, likaangua makinda mawili. Nilimshika Cheche mkono nikamleta ayaguse. Yalikuwa yameanza kuota manyoya, mabaya kama wazee wasio na meno. Aliyapapasa, akampakata mama yao, dole gumba likaenda na kurudi pale kwenye kidari.

"Sasa mfungulie," akasema.

"Tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Njiwa mwenye makinda ameshahama. Kwake ni pale walipo watoto."

"Cheche, mzee huyu. Akae tu ndani."

"Wewe unajua kunoa. Njiwa niachie mimi. Unataka afe hajanyoosha bawa? Mfungulie!"

Nikafungua wavu. Akaruka, akazunguka, akatua ukutani, akakaa. Kisha akarudi kwa makinda yake. Cheche alipiga paja akacheka mpaka akakohoa. "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini, wewe mtu wa visu?" Na kweli, siku ya pili akatoka akarudi, na ya tatu, na siku kadhaa baada ya hapo. Hata mimi nikaamini.

Kisha ikaja siku, mnamo saa tano asubuhi, akatoka akazunguka mara mbili kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

Sijui kama rafiki yangu alikosea, au ndani yake alitaka kukosea. Njiwa wake bora, na asirudi nyumbani kwake? Sijamuuliza.

Nilingoja saa nzima arudi kwa makinda yake, hakurudi, nikaacha baiskeli, jiwe, kila kitu. Nilikimbia. Mzee wa umri wangu akikimbia barabarani watu humpisha kama anayekimbizwa, na watoto walinifuata wakishangilia. Lakini yeye alipita hewani na mimi nilipita kwenye makutano.

Nilipofika mafundi walikuwa juu ya paa wanafunga lile tangi, wanagonga nyundo hata husikii hodi yako. Chini ya ngazi ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani, na kando yake ndoo ya taka. Ndani ya ndoo nikaona manyoya ya kijivu.

Nikapanda. Kijana alikuwa nyumbani kwa chakula cha mchana, ameketi mezani, na mbele yake ameketi baba yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona Cheche kwenye meza ile tangu walipohamia. Alikuwa amevaa shati safi. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi.

"Nani huyo anahema hivyo?" akauliza. "Mzururaji? Umefukuzwa na mbwa? Njoo, keti. Leo mwanangu kaniita tule pamoja. Kuku mdogo, lakini ameiva."

Kijana alinitazama. Hakunikataza kusema. Alivuta kiti kingine, akasema, "Karibu, baba mdogo," kisha akamgeukia baba yake kumngoja, kama karani anayengoja mtu atie sahihi.

Nikafungua mdomo. Lakini mkono wa Cheche ulikuwa umeshaingia bakulini. Alitoa kipande cha kifua, akakinyonya nyama, na dole gumba lake likateleza juu ya mfupa. Likasimama. Likaenda. Likarudi. Likaenda tena, polepole, pale penye kupinda.

Juu nyundo ziligonga, zikaacha, zikagonga.

"Vipi, baba?" kijana akauliza. "Mfupa?"

"Mfupa," Cheche akasema. Aliuweka chini, akaushika tena. "Alichelewa?"

"Alichelewa, baba."

"Mmh."

Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, hajui aingie au atoke. Cheche alivuta bakuli karibu. Akala. Alikula taratibu, hakuacha kitu, akavunja hata vifupa vidogo kwa meno ya pembeni, na uso wake ulikuwa mkavu kama sahani ya bati. Kijana alimtazama tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Sahani yake mwenyewe hakuigusa.

Cheche alipomaliza alinawa, akafuta mikono.

"Makinda yapo kwako?" akaniuliza.

"Yapo."

"Bado hayajui kula." Akaugeuza uso kule alikokuwa mwanawe. "Lazima uyatafunie mtama, uyalishe kwa mdomo. Huyu ndiye anayejua. Mwombe akufundishe."

Kijana alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nimesahau," akasema, akatoka, tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi hadi barabarani.

Nilirudi kwangu nikatafuna mtama kwa meno niliyobakiwa nayo. Kinda moja lilikufa. La pili likakua, jike la kijivu kama mama yake, kidari kimenyooka. Huyu kazaliwa kwangu, kwa hiyo akiruka ni kwangu atakakorudi.

Juzi nilimwambia Cheche kwamba bawa limekomaa. Alikuwa kitandani mwake, katika harufu ile ya kutu.

"Mtie kikapuni," akasema. "Nenda naye mbali. Mbali kabisa, kama zamani."

"Na akichelewa?"

Dole gumba lake likasugua kidole cha shahada, huku na huku.

"Akichelewa," akasema, "usiniambie."