Komeo Jepesi

Shemeji yangu Orrin Tveit alikuwa na dharau moja tu maishani, nayo ilikuwa kwa watu wanaowinda kwa risasi za dukani. Wezi aliwasamehe, walevi aliwapa lifti hadi makwao, lakini mtu akipita na boksi jipya la risasi kwapani, Orrin alimtazama mpaka akajisikia vibaya. Hapa bondeni kwetu Montana, ambako kila nyumba ina friza ya nyama ya kulungu, maganda ya risasi hayatupwi. Unayaokota, unayasafisha, unaweka fataki mpya ya kuwashia baruti kitakoni, unapima baruti, unabana kichwa kipya juu, unapiga tena. Orrin alikuwa na ndoo nzima ya maganda ya shaba aliyoachiwa na baba yake, na aliyatunza kuliko wengine wanavyotunza picha za harusi.

Kila aliyetaka kujifunza kazi hiyo alipelekwa kwake, kwenye karakana iliyonuka mafuta na kahawa iliyoungua. Somo lilikuwa lile lile. Usiamini kitabu cha vipimo, alisema, vitabu vinaandikwa na mawakili waoga. Liulize ganda. Ongeza baruti kidogo, piga, kisha litazame. Fataki ikianza kubapa, kitako kikipata kovu linalong'aa, komeo la bunduki, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, likiwa zito kufunguka, hapo shaba imekwambia yatosha. Rudi nyuma kidogo, na hiyo ndiyo risasi yako. Maisha yake yote shaba ilimwambia, naye alisikia, na hakuna mtu aliyewahi kuumia. Ndiyo maana siku hizi mtu akikaa kwenye mkahawa wangu na kumwita Orrin mjinga, ninamwambia amalize kahawa yake aondoke.

Ana mtoto mmoja, Maren, binti wa marehemu dada yangu. Alikuwa dereva wa basi la shule, mwenye mdomo mchafu kidogo na moyo mweupe kabisa. Watoto wa barabara yote ya juu walimpenda kwa sababu aliimba vibaya na hakuona aibu.

Kitu kimoja Orrin alichokitamani, ukiacha mke wake kurudi kutoka kaburini, kilikuwa kondoo dume wa milimani, wale wenye pembe nene zilizojikunja hadi mashavuni. Hupigi kondoo hao bila kibali, na kibali ni bahati nasibu ya serikali. Kila majira ya kuchipua wanaume na wanawake wa bonde hili hutuma majina yao, na wengi huzikwa wakiwa bado wanatuma. Orrin alituma kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka ule akaja mkahawani asubuhi, akaweka karatasi juu ya kaunta karibu na chapati zake za maji.

Nikamwambia, "Shemeji, kama ni bili ya umeme sema tu, kahawa nitakupa bure."

"Nimekipata, Nedra," akasema. Basi tukalia wote wawili kama wajinga, na mayai ya watu yakaungua.

Kibali kile ni cha mtu mmoja, msimu mmoja. Hakiuzwi, hakirithiwi, humpi hata mwanao. Na ukishakipata unazuiwa kuomba tena kwa miaka kadhaa, ambayo kwa umri wa Orrin ilikuwa sawa na kuambiwa kwaheri. Shida ilikuwa magoti. Yalikuwa yamekwisha. Kondoo hukaa kwenye majabali ambako hata mbwa hufikiria mara mbili, na yeye ngazi za posta zilikuwa zinamtoa jasho. Angelazimika kupiga kutoka ng'ambo ya korongo, mbali kuliko alivyowahi kupiga.

Maren ndiye aliyemletea bunduki mpya, ya aina inayotumia risasi zenye ganda la chuma cha pua. Chuma hicho hustahimili shinikizo ambalo lingepasua shaba, na risasi hutoka ikienda kasi ya kutisha hata kwenye mtutu mfupi.

"Wewe hutapanda tena yale mawe, Baba," akamwambia. "Acha risasi ipande."

Orrin alipiga zile za boksi, akakubali kwa shingo upande kwamba zinakwenda. Lakini kichwa cha risasi hizo hakukipenda, alikuwa na aina yake aliyoiamini tangu ujana, na zaidi ya yote hakuweza kulala akijua amempiga kondoo wa maisha yake kwa risasi iliyojazwa na mashine ya watu asiowajua. Akanunua vifaa vya kujazia maganda hayo. Kitabu kilichokuja navyo kilisema wazi: usivuke kipimo kilichoandikwa, maana ganda hili halitakuonyesha dalili unazozijua. Alinisomea mstari huo jikoni kwangu huku akicheka.

"Mawakili wameongezeka," akasema.

Sikucheka wala sikubisha. Nani angembishia Orrin Tveit mambo ya baruti?

Tulikwenda kwenye shimo la kokoto, ambako watu hujaribia bunduki, asubuhi moja ya mwanzo wa vuli, miti ikiwa imeshaanza kuwa ya njano. Mimi nilibeba chupa ya kahawa na pai ya matunda ya porini. Bega la Orrin lilikuwa limetiwa skrubu hospitalini majira ya baridi yaliyopita, naye alitaka kulihifadhi kwa ajili ya siku yenyewe, hivyo Maren ndiye aliyekuwa akipiga. Baba alikaa juu ya ndoo kando yake na kioo cha kukuzia. Kila ganda lilipotoka alilinyanyua kwenye mwanga, akaligeuza, akalikagua kitako.

"Komeo?" aliuliza.

"Jepesi," Maren alijibu.

Akampa ya kipimo kilichofuata. Mlio, vumbi kule mbali, ganda mkononi mwa mzee.

"Komeo?"

"Jepesi, Baba."

"Ona, shemeji," akanionyesha. "Fataki ni ya duara, kama haijaguswa. Hili bado lina nafasi kabisa."

Nikamuuliza kama hawajafika pale kitabu kilipoandika mwisho. Akasema walipapita kitambo, kisha akakata kipande cha pai. Maren akageuka akiwa amelala vilevile juu ya mkeka, miwani ya kinga puani.

"Unanipeleka mwezini?"

"Ng'ambo ya korongo tu, mwanangu. Moja zaidi."

Ninalifikiria sana lile ganda. Shaba ni laini, ukiibana inalalamika mapema, na Orrin alikuwa ameishi na malalamiko yake hadi akayachukua kuwa ndiyo sheria ya dunia. Chuma kilikuwa kinabeba tu, bila kusema kitu, na yeye alikiona kimya kile akadhani ni raha.

Mlio wa mwisho haukuwa kama mingine. Ulirudi kwetu. Maren akakaa wima, akapitisha mkono usoni polepole, mfano wa mtu anayejifuta mvua, na mkono ukaja mwekundu hadi kiwikoni. Komeo lilikuwa limepasuka.

"Samahani, Baba," akasema.

Samahani! Mpaka leo neno hilo linaniamsha.

Helikopta ilimpeleka hospitali ya Missoula. Miwani iliokoa jicho la kushoto. La kulia walilitoa. Watu wa shule wakamwondoa kwenye basi, kwa upole, wakimletea maua. Watu wa bonde wakaleta bakuli za tambi na jibini, na Orrin akazipokea mlangoni bila kumwalika mtu ndani. Ile ndoo ya maganda ya baba yake aliipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaimwaga kwenye lundo, akaondoka kabla hayajapimwa. Kibali kilibaki kwenye mlango wa friji kimebanwa na sumaku, na hakuna aliyethubutu kukitoa.

Maren yeye hakulia, si mbele yetu. Alikuja kila Jumapili kumpikia baba yake na kufanya mzaha. Sasa hahitaji kufumba jicho akilenga, alisema. Mama mdogo, alinitania, hata wewe siku hizi unaonekana mwembamba upande mmoja. Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke, kisha nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Jumapili ya mwisho ya msimu theluji ilikuwa imeshashuka, na kondoo nao wakashuka. Hufanya hivyo kila mwaka kufuata chumvi inayomwagwa barabarani, lakini mimi nilikuwa nimesahau. Dume mmoja mkubwa, pembe zimezunguka kamili, aliruka uzio akasimama kwenye malisho ya Orrin mwenyewe, mbele ya dirisha la jikoni tulimokuwa tumekaa. Hapakuwa na haja ya bunduki ya kasi wala ya kupanda mawe. Bunduki kuukuu ya baba yake ilikuwa nyuma ya mlango, na risasi za shaba za kuitosha zilikuwepo bado kwenye droo.

Orrin hakuinuka. "Nedra," aliniambia kwa sauti ndogo, "huyu angepigwa hata na mtoto. Ningemsubiri tu hapa."

Maren akaingia na mkate, theluji mabegani, akamwona yule dume. Akamhimiza baba yake kwa kunong'ona, akaileta bunduki ya babu na kumwekea mapajani, akamwambia mlango uko wazi, msimu unaisha leo, nenda.

"Niko sawa, Baba. Kweli. Nenda."

Orrin akaiweka bunduki chini. Akasimama kwa yale magoti yake, akamshika binti yake kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga wa dirisha. Akautazama kwa muda mrefu, kovu, jicho la kioo, pembe za mdomo, akiugeuza kidogo huku na kidogo kule.

"Komeo likoje, mwanangu?" akauliza.

Maren akatabasamu uso mzima.

"Jepesi, Baba."

Nje yule dume alilamba chumvi, akaondoka zake. Orrin alikiachia kidevu cha mwanawe polepole, akakaa. Hakumwamini. Wala hakuwa na njia nyingine ya kuuliza.