Papa amefuta mstari wa maji

Leo tumeonyeshwa maji yatafika wapi, na papa, yaani baba yangu, amepafuta.

Mbeleji, mzungu wa Ubelgiji anayepima mto Tshopo, alipaka mstari mwekundu ukutani kwetu, juu kuliko kichwa changu. Akasema kwa Kifaransa kwamba mvua imezidi huko juu, na kwa hesabu zake mto utafika hapo.

Mimi ndiye niliyetafsiri. (Mnanijua, nilirudia mara mbili.)

Papa hakuamini. "Wabeleji wakitia nyumba rangi, wanakuja kuibomoa!" Akausugua mstari kwa mchanga. Majirani nao wakasugua yao.

Tonton, mdogo wake, akacheka: "Bon, mutoto, sasa maji haitajua tena fasi ya kusimama."

Jioni hii maji yameingia jikoni. Mama ananinong'oneza: "Mstari ulikuwa wapi?"

Nimenyoosha mkono. Haufiki.

Papa anatandika mikeka. Ninyi mngelala humu?