Simba Weusi wa Rubana

Masatu aliwapikia wazungu miaka mingi hapo Musoma, na kama kuna mtu aliyejua kufunga safari ya mahema, ni yeye. Bwana wake, mzungu wa pamba, akitamka tu "kambi", Masatu ameshaona kichwani masanduku, karabai, vyandarua na vitanda vya kukunja. Wazungu nao wana mambo yao: nyumba nzuri ya bati wanayo, lakini kila mwaka lazima wakalale porini na kuita hayo mapumziko. Mapumziko ya nani, mpishi hakuulizwa.

Mwaka huo mpishi naye alikuwa na haja na kambi. Mama yake, Eufrasia, alikuwa hoi kitandani Kibara, na waliotoka huko walisema hamalizi mwezi. Masatu aliomba ruhusa. Bwana hakuwa mtu mbaya. Alimpa pole, akasema kambi ikiisha atakwenda akakae apendavyo. Kuacha kazi hakuweza, maana dawa na sukari ya mama vilitoka kwenye mshahara huohuo.

Ikabaki njia moja. Wazungu walikuwa hawajaamua pa kupiga mahema: ufukweni Kibara, penye mchanga na upepo wa ziwa, au mtoni Rubana, upande wa pili wa Bunda. Masatu akaona Mungu amemfungulia mlango. Akatuma salamu kwa mama kwamba anakuja na lori la wazungu. Alifanya haraka, maskini, lakini nani angengoja?

Jioni memsabu, mke wa bwana, akamwita mezani, ramani imetandazwa katikati ya vikombe.

"Masatu, wewe nasema nini? Kibara ama Rubana?"

Angesema tu kwamba mama anamsubiri Kibara. Lakini ameshanyimwa mara moja, na aliogopa wakijua ana lake watamwona mjanja. Akajifanya hana upande.

"Kibara ni kuzuri, memsabu, samaki sato ni wengi. Ila Rubana..." Akatikisa kichwa. "Simba ni wengi mno. Wanakujaga mpaka kwenye hema, wanavuta mtu."

Memsabu akashika shingo. Masatu alipoona maneno yameingia, akamwongezea simba dume mwenye manyoya meusi, ambaye yeye mwenyewe hajawahi kumwona. Ulimi wake siku hiyo haukuwa na breki.

Bwana alikuwa mtu wa ndoana. Miaka yote Masatu alimjua kwa samaki tu, si kwa bunduki. Sasa akainuka kitini, macho yanawaka.

"Meusi? Kweli?"

Akaingia chumbani, akatoka na bunduki mpya iliyofika wiki ile kutoka Mwanza. "Basi Rubana! Wiki tatu!"

 Masatu akasema labda simba wamehama. Bwana akacheka, akamwambia asiogope. Ndipo Masatu akasema ukweli wote: mama, Kibara, ugonjwa. Bwana akamtazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, akamjibu, "Nimekwisha kuambia, Masatu. Baada ya kambi." Masatu akarudi jikoni kufunga vyombo, na kila fundo alilokaza alilia.

Lori lilisimama Bunda, njia panda ya Kibara na Rubana, kutia maji kwenye rejeta. Wazungu wakashuka kunyoosha miguu. Hapo akatokea Bernado, binamu yake wa Kibara, anasukuma baiskeli, uso wote kicheko.

"Mmefika! Nilikuwaga nawangoja hapa tangu jana. Ndugu yangu, mama amekataa kulala ndani. Ametufanya tumtandikie mkeka pale njiani, anasema atasikia lori mwenyewe. Uji hataki. Mpaka umnyweshe wewe."

Masatu akageuka kuwatazama wazungu.

"Anaongea lakini," Bernado akaendelea, akitupia baiskeli juu ya mahema. "Juzi alikuwa anacheka. Nipeni lifti, twende wote."

Akaruka juu mwenyewe, akaifunga baiskeli kwa kamba, akapata pa kukaa kwenye sanduku la vyombo. Bwana akapiga honi. Masatu akapanda nyuma, akainama, akaanza kuifungua ile kamba. Bernado akamwuliza kwa nini, akamwuliza tena, na Masatu akazidi kuvuta, hata fundo likamshinda.